Kiti Kilicholia Mwene Akiegemea

Kila Alhamisi mchana mwalimu wetu wa muziki hutoa fidla yake kwenye kasha, hukaza uta, kisha huusugua kwa kitu kilicho kama kipande cha sabuni ya rangi ya asali. Alhamisi iliyopita alinipa nimshikie kipande hicho wakati akipanga karatasi zake. Mimi hukaa mstari wa nyuma kabisa ili nisiitwe, lakini siku hiyo aliniita. Nikakishika, na kabla sijajua ninachofanya nikakiweka puani nikavuta pumzi, nikafumba na macho.

Darasa zima likacheka.

"Mtazameni, anataka kukila!" mmoja akasema. Na tulipokwenda kuchota maji, rafiki yangu ninayelala naye vitanda jirani akaniuliza, "Kwani kwenu Mbozi hamjaona sabuni?"

Nilitaka kumwambia kwamba nimenusa harufu ya babu yangu, lakini maneno ya namna hiyo hayatoki mdomoni mwangu. Mimi nikiulizwa jambo mbele za watu, ulimi wangu unalala. Kwenye karatasi nina ujasiri kidogo. Kwa hiyo naandika katika daftari hili, na aliyecheka akitaka kusoma asome.

Babu alikufa nikiwa bado mgongoni kwa mama. Sikumwona wala sikuisikia sauti yake. Alikuwa fundi wa mbao, wa kwanza katika kilima chetu, aliyefundishwa na wamisheni enzi za Wajerumani. Alichoacha nyumbani kilikuwa kidogo: kabati la bibi, sanduku la patasi, na zeze lake la uzi mmoja lililoning'inia ukutani kwa bibi pamoja na kijifuko cha ngozi. Lakini kazi yake kubwa haikuwa nyumbani kwetu. Ilikuwa kwa Mwene, mtawala wetu, nayo ilikuwa kiti cha enzi.

Naomba nikieleze vizuri, maana sijaona kingine kama hicho, hata hapa shuleni ambapo kuna kiti cha Mama Mkuu kilichochongwa maua na kuletwa kwa meli.

Habari zake ni kwamba Mwene mzee, baba wa Mwene wa sasa, aliona misheni picha ya mfalme mmoja wa Ulaya ameketi. Akamwita babu, akamwonyesha kwa kidole: nataka hicho. Babu akaitazama picha asubuhi moja tu, akarudi nyumbani, akaenda bonde la mto Momba kutafuta mti wa mninga. Alikichonga kiti kwa kiangazi kizima na masika yaliyofuata. Kilitoka kikubwa kama mlango. Juu ya mgongo wake kulikuwa na taji, ila babu hakujua taji ndani limekaaje, basi alilisuka kama kikapu, na vipande vya mti vilipita juu na chini kana kwamba ni ukindu. Kwenye picha kulikuwa na zabibu. Babu hakuwahi kuona zabibu. Akachonga masuke ya ulezi, yale yanayokunja vidole kama ngumi ya mtoto mchanga, yakashuka pande zote mbili za mgongo mpaka kwenye kikalio. Miguu ilikuwa nyayo za simba zilizokamata mpira, na mikono ilikuwa simba wawili wazima. Simba wa kushoto alimtoa kwenye picha, mnene, nywele zake zimejikunja kama za kondoo. Wa kulia alimtoa kichwani mwake, maana simba aliwajua. Huyo alikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika, masikio yamechanika, na macho yake yalitazamana.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba simba ni mmoja tu, yule wa kulia, na yule wa kushoto ni kondoo aliyewekwa pale ili simba apate chakula.

Siku za baraza mama alinichukua. Wanawake walikaa upande wa jua na mimi nilikaa mbele ya magoti yake, uso wangu sawasawa na nyayo za kiti. Nilikitazama kuliko nilivyomtazama Mwene. Watu walipofika walipiga magoti na kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, kama desturi yetu ilivyo kwa mtawala. Hata Mwene akiwa hajatoka ndani, walikipigia makofi kiti kitupu. Na kila mara mama alininong'oneza, "Kile ni cha babu yako."

Sasa nawaulizeni ninyi wenye akili: mtoto wa miaka saba anaona watu wakikiamkia kiti kitupu, anaambiwa ni cha babu yake ambaye hajawahi kumwona, halafu kiti chenyewe kinatoa sauti. Angeelewa nini? Kiti kililia, sauti ndefu nyembamba, inaanza chini inapanda juu, kama mtu anayeuliza swali. Mimi nilijua bila kuambiwa na yeyote kwamba babu yumo ndani.

Na kwa kuwa nilikuwa namsikiliza babu, niligundua jambo ambalo watu wazima hawakuligundua. Babu hakusema ovyo. Mwene akiinama mbele, viwiko magotini, babu alinyamaza. Mwene akichoka, akajitupa nyuma na kuegemea, ndipo babu aliposema.

Watu wazima walikuwa na maelezo yao. Yalianza na shauri la mjane mmoja na shemeji yake waliogombania shamba la kahawa. Mjane alieleza kwa kirefu, Mwene akachoka, akaegemea, akafungua kinywa kumpa shamba shemeji. Kiti kikalia. Mjane akaruka juu.

"Mwene, kiti kimekataa!"

Watu wakaguna. Karani wa baraza akakohoa kwa nguvu ili kuifunika ile sauti, lakini ilikuwa imekwisha sikika. Toka siku hiyo kila aliyeshindwa alitega sikio. "Kiti kimekataa! Kiti kimekataa!" Wengine waliambiana kwamba kinalia Mwene akisema uongo. Wachimbaji waliokuwa wanarudi likizo kutoka migodi ya ng'ambo ya mpaka walipita Tunduma na kuulizwa huko kama ni kweli huku Mbozi kuna kiti kinachohukumu.

Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa chungu. Baba naye ni fundi wa mbao. Alifanya kazi karakana ya mgodi ng'ambo kwa miaka mingi, akarudi na sanduku la zana lenye kufuli na tabia ya kupima kila kitu mara mbili. Meza za baba hazina hata ua moja. Zimenyooka, zimenyamaza. Watu walimheshimu, lakini hawakukosa kumchokoza kwenye pombe: "Fundi, hicho kitanda ulichonitengenezea hakitalia kama kiti cha mzee wako? Mke wangu hapendi kelele!" Baba alitabasamu kidogo, akanywa, akarudi nyumbani mapema. Kwa fundi, kiungo kinacholia ni aibu iliyo uchi. Yeye aliona kwamba baba yake aliacha aibu hiyo mahali pa juu kuliko pote.

Kisha tarishi wa Mwene akaja kwetu na kofia yake nyekundu. Alisimama mlangoni pa karakana akasema alichotumwa, bila kupunguza.

"Mwene anasema hivi. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, anakuja kukaa barazani mwezi ukiandama. Kiti kinyamaze. Kikilia mbele ya Mzungu, Mwene atakipasua kuni, na atamwagiza Mhindi wa Mbeya amletee kingine."

"Kuni?" bibi aliuliza kutoka uani, alikokuwa akipepeta.

"Kuni, mama. Ndivyo alivyosema."

Bibi akaendelea kupepeta, lakini niliona ungo umeanza kutupa nafaka nje pamoja na makapi.

Kiti kililetwa kesho yake, kimefungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wamekibeba mabegani. Kilipopita njiani watu walitoka mashambani wakapiga magoti. Mama alipiga magoti. Mimi nilipiga magoti nikatazama chini kwa aibu, kwa sababu nilijua babu anakuja nyumbani kwa mara ya kwanza na sikujua nimwambie nini. Bibi peke yake alisimama, mikono kiunoni.

"Mama, piga magoti," mmoja wa wabebaji alimwambia.

"Nimempikia ugali aliyekichonga. Nimemfulia. Nimemwambia aoge. Nipigie magoti mbao zake?"

Kisha akaniona mimi chini, akacheka. Bibi na mimi tulikuwa na utani wetu, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu. "Inuka, mke mwenzangu. Mume wetu amerudi, na hajaleta hata chumvi."

Hakujua kwamba mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo.

Baba alikizunguka kiti siku nzima kabla ya kukigusa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukitazama kwa karibu tangu awe fundi, maana kwa Mwene mtu hasogei. Nilikaa juu ya rundo la mbao nikamsikiliza. Alikuwa anazungumza na kiti, au na baba yake, sijui.

"Kikalio kiko juu mno. Miguu ya Mwene inaning'inia, ndiyo maana wanamwekea kigoda. Kizito bure. Huu ulezi unashika vumbi na unashika kanzu, nimeona kanzu ya Mwene imechanika mara mbili. Na huyu simba, mzee wangu, huyu simba ana makengeza." Akapitisha kiganja nyuma ya mgongo wa kiti, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama, kwa kuwa daima umeelekezwa ukutani. "Lakini huku nyuma umepiga msasa kama mbele." Akapitisha kiganja tena. "Kama mbele kabisa."

Akarudi kwenye simba mwembamba, akaweka kidole kwenye ubavu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, taratibu, kama anayepapasa ng'ombe mgonjwa. Hakusema kitu. Mimi nilimjua baba: asiposema kitu, amependa.

"Kiti hiki kina maneno mengi," alisema mwishoni. "Kiti kazi yake ni makalio."

Bibi akajibu kutoka nje, "Cha makalio yako, ndiyo. Cha Mwene kinataka na macho ya watu."

Tatizo lilikuwa hili: ili ujue kiti kinalia wapi, lazima mtu akikalie. Na kiti cha Mwene hakikaliwi na mtu mwingine, hata fundi, hata kwa kujaribu. Baba hakuthubutu. Akachukua jiwe la bibi la kusagia, zito kama mtu mzima, akaliweka juu ya kikalio kwa msaada wa mama. Kimya. Akaweka na la pili. Kimya. Akakitikisa kwa mikono, akagonga kila mguu kwa nyundo ya mti, akaweka sikio. Kimya. Siku tatu. Jioni ya siku ya tatu baba alikaa kizingitini, vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema, "Kinanidharau."

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa unaniaibisha hata leo. Mimi nilijua. Nilijua toka siku ya kwanza kwamba kinalia kikiegemewa tu, na kwamba mawe yake yamekaa wima kama watu wanaosikiliza. Nilimwona baba yangu akihangaika siku tatu, nikala naye, nikamnawisha mikono, na sikufungua mdomo. Niliogopa akijua mahali babu alipo atamnyamazisha.

Siku ya nne akagundua mwenyewe. Jiwe la juu lilimteleza likaangukia mgongo wa kiti, na kiti kikalia, kirefu, kutoka chini kwenda juu.

Baba akapiga kelele ya furaha. Mimi nikapiga kelele ya kilio.

"Umemuumiza! Umemuumiza babu!"

Alishtuka akaliacha jiwe. Mama akaja mbio akidhani nimebanwa vidole. Bibi akaja na ungo wake. Nililia mpaka nikasema yote: kwamba babu yumo, kwamba huongea Mwene akichoka kusikiliza, kwamba watamtia gundi mdomoni. Nilipomaliza mama alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga na mabega yake yanatikisika. Bibi alicheka waziwazi.

"Mke mwenzangu, yule angekuwa humo ndani, angekuwa ameomba togwa siku nyingi."

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama.

"Umesema Mwene akichoka kusikiliza?"

"Akiegemea," nikasema.

"Na siku zote hizi ulijua?"

Nikatazama miguu yangu. Alikuwa na haki ya kunichapa. Lakini aligeuka, akachukua patasi nyembamba, akapiga magoti nyuma ya kiti. Mgongo wa kiti kile umeshuka kwa ndimi mbili, ncha za mti zilizochongwa nyembamba, ndani ya matundu mawili ya kikalio. Ulimi wa kushoto alijaribu kuutingisha, umebana kama jino. Upande wa kulia, mahali ambapo suke la mwisho la ulezi limelala, aliingiza ncha ya patasi chini ya suke. Suke likatoka. Lilikuwa kipande cha peke yake, limepachikwa tu. Nyuma yake kulikuwa na nafasi ya upana wa ukucha kati ya ulimi na tundu.

"Ndiyo hii," baba akasema, na sauti yake haikuwa na furaha tena. "Alikata tundu kubwa kuliko ulimi. Kosa la mwanafunzi. Halafu akalifunika kwa ulezi watu wasione."

Sijawahi kumwona baba amenyong'onyea namna ile. Nadhani siku zote alitumaini kwamba kosa ni la mbao, au la jua, au la wabebaji, lisiwe la mkono wa baba yake. Akautoa ulimi wote nje, maana nao ulikuwa kipande cha peke yake. Ulikuwa umepakwa kitu cheusi kinachong'aa. Akakikwangua kwa kucha.

"Hata gundi aliyotumia ni mbovu. Imekauka ikawa unga."

Nilikuwa nimesogea kumfariji babu, au kumuaga, sikumbuki. Pua yangu ilikuwa karibu na ule mti. Nikasema, kwa sauti ndogo kama ninavyosema siku zote, "Inanuka zeze."

"Nini?"

"Inanuka kile kijifuko cha zeze kwa bibi."

Bibi akaacha kucheka. Akaweka ungo chini, akaja, akachukua ulimi ule wa mti kwa mikono miwili akauweka puani. Kisha akaniambia, bila kuuondoa puani, "Kalete kijifuko."

Nilikimbia. Ndani ya kijifuko mlikuwa na kitonge cha utomvu mkavu wa mti, ule ambao babu alikuwa akisugulia uta wa zeze lake. Uta bila utomvu ukipita juu ya uzi hutoa upepo mtupu. Ukiupaka, unashika, na uzi unaimba. Baba akavunja punje, akanusa, akanusa na ulimi. Akatazama juu.

"Mama. Mtu hapaki utomvu kwenye kiungo. Alinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo: kiungo ni gundi, gundi, gundi. Utomvu unafanya mbao..."

"Ziimbe," bibi akasema.

Akakaa chini palepale penye vumbi la mbao. Akatueleza kwamba Mwene mzee alikuja kukitazama kiti siku moja kikiwa hakijakamilika, na yeye bibi ndiye aliyewapelekea pombe. Mwene mzee alikuwa na tabia ya kusinzia. Alisinzia barazani, alisinzia kanisani, alisinzia na kibuyu mkononi. Bibi alimsikia akimwambia babu, "Fundi, nitengenezee kitakachoniamsha. Watu wangu wanasema, na mimi nimelala." Na babu akacheka, na Mwene akacheka.

"Nilidhani ni maneno ya pombe," bibi akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni pombe."

Baba akaliokota lile suke la ulezi. Akalipachika mahali pake, likafunika nafasi sawasawa, kana kwamba hakuna kitu. Akalitoa. Akalipachika tena.

"Kumbe na ulezi una kazi," akasema. Kisha akaanza kucheka, kicheko nisichokijua, cha mtu aliyebeba mzigo mpaka amesahau kwamba anaubeba. "Kumbe si kosa. Mama, mkono wake haukukosea! Upande wa kushoto ameubana kama jino, na upande wa kulia ameupa nafasi ya ukucha. Unajua ilivyo kazi ngumu kufanya kiungo kilegee kiasi hichohicho na kiti kisivunjike? Mimi siwezi. Nakwambia mimi siwezi!"

Mimi niliona ni kama nilivyosema toka mwanzo. Babu alikuwa humo ndani. Alikifanya kiti kuwa zeze, na uta wake ulikuwa mgongo wa Mwene.

Lakini agizo lilibaki palepale. Mwene alitaka kimya, au kuni. Bibi alisema kiti kirudi kama kilivyo. Baba alisema bibi hatakuwepo wakati shoka linaanguka. Walibishana mpaka ugali ukapoa. Asubuhi baba alichukua kipande cha mninga akachonga kabari ndogo, ndefu kama kidole changu cha sasa. Ukiisukuma chini ya suke, nafasi inajaa na kiti kinanyamaza. Ukiichomoa, kinasema. Akasugua utomvu mpya kwenye ulimi, akarudisha kila kitu, akaziba na ufa kwenye unyayo mmoja. Simba hakumgusa.

"Nitampa vyote viwili," alisema. "Achague mwenyewe."

Bibi akashikilia kwamba mimi niende, nibebe kijifuko, kwa sababu ndimi niliyenusa. Hivyo nilijikuta uani kwa Mwene, magoti kwenye changarawe, napiga makofi polepole. Mwene alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini. Baba alieleza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na katikati sauti yake ilikatika, akaanza upya. Hakuficha kinalia wakati gani. Alisema, "Kinalia Mwene akiegemea." Tarishi alitazama ukuta.

Mwene akanyoosha mkono kwangu. Nikampa kijifuko. Akanusa.

"Baba alikuwa akisinzia hata akila," akasema. "Mama yangu alikuwa akimfinya." Mdomo wake ulitaka kucheka, lakini haukucheka. Akaichukua kabari, akaitazama, akaifunga kiganjani. "Nimesikia. Nendeni."

Basi. Tukaenda. Siku zile mpaka baraza, baba alipasua mbao vibaya mara mbili.

Bwana Shauri alikuja na kofia yake kubwa na meza ya kukunja. Kilima kizima kilikuwepo, na wengine walitoka Isongole kwa miguu. Mimi nilikaa mahali pangu, uso sawa na nyayo za simba. Mwene akaketi. Nilitazama chini ya suke la ulezi, lakini kwa pale nilipokuwa sikuweza kuona kama kabari imo. Bwana Shauri akaanza kusema habari za barabara na kodi na ng'ombe, mkalimani akafuata, na maneno yalikuwa marefu na jua kali. Nikaona mabega ya Mwene yanalegea. Nikaona kichwa kinakwenda nyuma.

Kiti kikalia. Kirefu, kutoka chini kwenda juu, safi kuliko kilivyowahi kulia, maana utomvu ulikuwa mpya.

Hakuna aliyecheka. Bwana Shauri alisimama katikati ya neno, akatazama huku na huku. Na Mwene akainama mbele polepole, akaweka viwiko magotini, kama alivyokaa siku chache nzuri nilizozikumbuka.

"Mwambieni aendelee," akamwambia mkalimani. "Sasa nasikiliza."

Baba alinibeba begani kurudi nyumbani, ingawa nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa wa kubebwa. Njia nzima aliwaeleza watu habari ya ulimi wa kushoto na ulimi wa kulia, mpaka wakamkimbia. Kwa simba hakubadilisha neno. "Ana makengeza," alisema. "Lakini ni kazi ya baba yangu."

Jioni hiyohiyo tarishi akafika na kofia yake nyekundu. Alimkuta bibi jikoni. Akafungua mkono, na kabari ilikuwa kwenye kiganja.

"Mwene anasema, mlikuwa mmeogopa kuni. Kuni yenyewe ni hii. Washa moto."

Bibi akaichukua, akaifuta kwa khanga, akaniita na kuniwekea mkononi.

"Mwambie Mwene," akamjibu tarishi, "kuni zangu zinatosha."

Ninayo sandukuni mwangu hapa shuleni, chini ya sketi ya Jumapili. Alhamisi ijayo nitamwomba mwalimu wa muziki anipakie utomvu wake wa uta kidogo kwenye ncha ya kabari. Nitaomba kwa sauti ya kusikika.